Jiwe Bichi: Jinsi Mtu wa Malindi Anavyoweza Kujiandaa kwa Mashindano ya Baiskeli za Milimani Wakati wa Mvua

Malindi haina mlima. Toka Shella uende Barani, mwinuko wote utakaokutana nao hata mkokoteni wa maji hausimami kuupumzikia. Ndiyo maana kijana wa hapa akijiandikisha kwenye mashindano ya baiskeli za milimani huko bara, na utabiri ukisema mvua, wenzake humcheka kwanza ndipo wamwombee dua. Mimi nilichekwa vizuri sana. Nikaenda, na katika mzunguko wa kwanza nikaanguka mara nne. Mara tatu kati ya hizo sababu ilikuwa ile ile: nilibana breki nikiwa juu ya jiwe lenye maji.

Mwongozo huu ni wa mtu kama mimi wa siku ile. Baiskeli anayo, miguu anayo, pumzi si haba, lakini maisha yake yote ameendesha kwenye mchanga na lami yenye joto.

Anza baharini, bila baiskeli

Usishangae. Subiri bamvua, maji yakipwa sana, uende mwambani na wanaochokoa pweza. Watazame miguu yao, usiwatazame mikono. Jiwe la mwambani lina ukoga wa kijani unaoteleza kuliko sabuni, na hawa watu hulitembea saa mbili tatu wakiwa na mti mkononi na kapu begani bila kuanguka.

Mzee mmoja alinicheka nilipoteleza mara ya pili mbele yake. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, wewe wasukuma jiwe. Jiwe bichi halisukumwi. Likanyage tu, upite."

Nilimtazama tena. Mguu wake ulishuka wima kama nguzo, uzito wote ukaja juu yake, ukanyanyuka wima vilevile. Hakuupinda juu ya jiwe, hakujisukuma nao kwenda mbele. Akitaka kugeuka, alisubiri afike kwenye kitu kinachoshika: mchanga, jiwe kavu lenye meno, au shimo lenye changarawe. Pale ndipo aligeuka, kisha akaendelea.

Tairi nayo iko hivyo hivyo. Mshiko wake ni kama shilingi mia mfukoni. Kona ina bei yake, breki ina bei yake, kukanyaga pedeli kwa nguvu kuna bei yake, na zote hulipwa kutoka mfuko huo mmoja. Kwenye udongo mkavu una mia nzima, ukitumia sitini kwa kona hubakiwa na arobaini za breki. Kwenye jiwe lenye maji huenda una ishirini tu. Ukizitumia zote kwa breki, hata kona ya shilingi tano hutaimudu, na gurudumu la mbele linakimbia pembeni kabla hujasema bismillahi. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya jiwe, elekeza baiskeli kabla ya jiwe, badilisha gia kabla ya jiwe. Juu ya jiwe lenyewe usifanye kitu. Pita.

Ukilishika hilo peke yake na kuisahau makala yote iliyobaki, bado utaanguka mara chache kuliko nilivyoanguka mimi.

Tairi, na upepo wake

Watu hutumia pesa nyingi kwenye fremu na gia halafu wanapanda na tairi iliyokaa miaka minne kwenye jua la Malindi. Mpira uliokaa juani hukauka na kuwa mgumu, na mpira mgumu kwenye jiwe la maji ni kama kandambili zilizolika. Bonyeza meno ya tairi kwa ukucha. Yakikataa kubonyea, au ukiona nyufa ndogo ndogo katikati ya meno, tafuta tairi nyingine, hata kama meno bado ni marefu. Kwa jiwe, ulaini wa mpira una maana kuliko urefu wa meno. Meno marefu yaliyoachana ni ya tope, kwa sababu yanalitema. Njia ikiwa na vyote viwili, na kwa kawaida inakuwa navyo, weka mbele tairi laini yenye meno ya wastani, upana wa inchi 2.3 hivi kama fremu inaruhusu. Tairi bora kati ya zako mbili iende mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza unapata nafasi ya kujirekebisha, la mbele likiteleza tayari uko chini.

Upepo ndio unaowashinda wengi. Tumezoea kujaza mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe, kwa sababu kwenye lami inakwenda vizuri na kwenye miiba ya huku tunaogopa pancha. Tairi ngumu juu ya jiwe la maji haikumbatii kitu, inarukaruka tu. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, mwenye tairi ya upana huo yenye tyubu, anza na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 25 mbele na 28 nyuma. Kama tairi zako hazina tyubu, zina ile dawa nyeupe ya kuziba matundu, unaweza kushuka mpaka 21 mbele na 24 nyuma. Kisha pita kwenye mawe kwa mwendo wa kweli. Ukisikia rimu ikigonga, "tang!", ongeza mbili. Mwenye tyubu awe mwangalifu zaidi, maana rimu ikiibana tyubu dhidi ya jiwe huitoboa matundu mawili yanayolingana, kama alama ya meno ya nyoka.

Na usipime upepo nyumbani ukadhani umemaliza. Mashindano ya 10to4 ya Mlima Kenya, kwa mfano, yalipata jina kutokana na kuteremka kutoka kama futi 10,000 hadi 4,000. Huko juu hewa ya nje ni nyepesi, na tairi uliyoijaza usawa wa bahari itakuwa imejikaza zaidi, ingawa baridi nayo hupunguza kidogo. Beba kipimo chako, upime pale pale mahali pa kuanzia, asubuhi ile ile. Kipimo cha pampu ya jirani kinaweza kusema 25 na chako kikasema 31. Unachohitaji ni kutumia kile kile kila siku.

Breki

Kama baiskeli yako ina breki za kubana rimu, jua kwamba maji yakishaingia, mizunguko ya kwanza ya gurudumu ni ya kufuta maji tu, kusimama kunakuja baadaye. Unaweza kushindana nazo, lakini anza kubana mapema na ubebe pedi za akiba. Breki za diski ni afadhali sana. Hata hivyo nazo zikilowa hupiga kelele na kuchelewa kushika, basi ukikaribia mteremko ziguse kidogo kidogo ili diski ikauke.

Kinachokula pedi ni mchanga ulio ndani ya tope, maji peke yake hayana shida. Pedi laini zinaweza kuisha katika mashindano mamoja ya mvua. Zile zenye chembe za chuma hudumu zaidi kwenye tope, ingawa kelele zake utazijua. Unene wa kinachosaga ukibaki chini ya milimita 1, badilisha kabla ya safari. Na pedi mpya usizifunge usiku wa kuamkia mashindano: zinataka kuzoeshwa na diski kwanza. Tafuta barabara tulivu, endesha kwa kasi ya wastani, bana mpaka ukaribie kusimama, achia, rudia mara 15 au 20.

Neno moja kuhusu mafuta. Cheni ya mvua inataka mafuta mazito ya cheni, yasiyosombwa na maji. Oili chafu ya bodaboda, ambayo mafundi wetu wengi hupaka bure kwa moyo mzuri, hukusanya mchanga na kuigeuza cheni kuwa tupa. Mafuta ya kupikia ndiyo kabisa usiniambie. Paka tone moja kwa kila kiungo, zungusha, kisha futa ya nje yote kwa kitambaa. Tone likidondokea diski, pedi zile zimekwisha.

Mahali pa kufanyia mazoezi

Hapa ndipo wenzangu hukata tamaa, na hawana haki. Kusini mwa mji kuelekea Watamu kuna vijia ambako jiwe la matumbawe limechomoza ardhini, kali kama wembe likiwa kavu. Mvua za masika zikishika, kuanzia Aprili mpaka Juni, sehemu zilizo chini ya vivuli huota ukoga na kuteleza. Chagua kipande cha mita 50 tu. Kitembee kwanza kwa miguu, kisha kiendeshe mara kumi kwenda na kumi kurudi. Kipande kifupi kinachorudiwa kinafundisha kuliko safari ya kilomita 40. Vaa glavu, na suruali ndefu kama huoni haya, maana jiwe la matumbawe likikuchuna kidonda chake hakiponi haraka.

Kwa utelezi wa tope, vuka daraja la Sabaki uende upande wa Marafa. Pale Nyari, kwenye makorongo yale mekundu na meupe yanayoliwa na mvua kila mwaka, usiingize baiskeli ndani, ni mahali pa kuheshimiwa. Barabara za udongo za jirani zinakutosha. Siku ya mvua zitakupa tope la kila rangi na vilima vya kutosha kukutoa jasho.

Msitu wa Arabuko Sokoke una njia nzuri ajabu, mchanga mweupe upande wa bahari na udongo mwekundu upande wa bara. Ila usiingie kimyakimya kupitia kichochoro cha kijiji. Fika ofisini Gede, lipa, uliza njia zipi ziko wazi. Ndani kuna ndovu, na baiskeli haina sauti, kwa hiyo mnaweza kukutana kwenye kona bila mmoja wenu kuwa tayari.

Mazoezi yenyewe ni haya. Simama juu ya pedeli, zote mbili zikiwa sawa kwa urefu, visigino vimeshuka kidogo, magoti na viwiko vimelegea, viwiko vimetanuka nje. Kidole kimoja kimoja kwenye breki, vingine vishike usukani. Macho yatazame mita tano mpaka kumi mbele, pale unapotaka kwenda. Ukilitazama jiwe unaloliogopa, utalipanda jiwe hilo hilo, hili sijaona mtu akiliepuka. Acha baiskeli icheze chini yako kama mtumbwi kwenye mawimbi, mwili wako utulie juu yake. Wengi hurudisha makalio nyuma kabisa kwa woga. Matokeo yake gurudumu la mbele linakosa uzito, na lisilo na uzito halishiki. Rudi nyuma kidogo tu, kiasi cha kulisha uzito miguuni.

Mizizi ni jamaa wa jiwe bichi, na ina hila zaidi. Ikatize kwa pembe kamili, kama mtu anavyovuka reli. Ukiiendea kwa mshazari, tairi itaufuata mzizi, wewe utaifuata tairi. Na jiwe bapa lililoinama upande mmoja, lipite baiskeli ikiwa wima kadiri uwezavyo. Kama ni lazima kitu kiinamie kona, uiname wewe.

Kupanda mlima wenye mawe ya maji ni suala la utulivu. Kaa kwenye ncha ya siti, inamisha kifua, gia nyepesi lakini si nyepesi kupita kiasi, kanyaga mviringo bila kushtua. Ukisimama na kukanyaga kwa hasira gurudumu la nyuma litazunguka bure. Likishaanza kuzunguka bure, shuka mara moja, beba au sukuma ukikimbia. Kukimbia na baiskeli si aibu wala si kosa. Mimi nimewapita watu saba kwa miguu kwenye mpando mmoja, wao wakigombana na pedeli zao.

Safari ya bara

Baiskeli yangu ilipakiwa kwenye buti la basi la usiku, juu yake yakapakiwa magunia ya nazi. Asubuhi kile kipande chembamba cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kilikuwa kimepinda kidogo, kiasi ambacho jicho halikuona. Nilipoingiza gia nyepesi kuliko zote, cheni ikaparamia spoku. Siku hizi nakifungua kibadilisha gia chenyewe, nakifunga kwa kitambaa ndani ya fremu, na nabeba kile kipande cha akiba, ambacho hakizidi ukubwa wa kidole gumba. Hakikisha ni cha baiskeli yako, maana kila fremu ina chake.

Fungua pedeli pia. Spana ikiwa imesimama juu, ivute kuelekea nyuma ya baiskeli, kulia na kushoto vilevile, zitafunguka zote mbili. Ukitoa magurudumu ya breki za diski za mafuta, chomeka kipande cha kadibodi katikati ya pedi, na usiruhusu mtu aminye breki. Kuna kila mara kijana mmoja pale stendi ambaye lazima aminye.

Kwa mtu wa pwani, mwinuko ni adui wa kweli kuliko mawe. Kwenye mita 3,000 kila pumzi inakupa kama asilimia 70 tu ya oksijeni unayoipata Malindi. Ukiweza, nenda wiki mbili kabla. Usipoweza, fika karibu na siku yenyewe, na siku ya mashindano anza polepole kuliko moyo unavyotaka. Waliokulia bara wana faida hiyo na ya tope pia. Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne, alianzia njia hizo za bara akifunzwa na David Kinjah, mwendesha baiskeli Mkenya.

Baridi nayo usiidharau. Vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kupima breki, vinabana au vinaachia, hakuna katikati. Beba glavu mbili, moja ibaki kavu mpaka dakika ya mwisho.

Siku yenyewe

Tembea njia kwa miguu siku moja kabla, hasa miteremko. Simama mahali pabaya, tafuta mistari miwili: mmoja wa haraka, na mmoja wa kupita ukiwa umechoka. Angalia jiwe lipi linang'aa. Linalong'aa lina ukoga au limelambwa na tairi za wengine, lisilong'aa lina chembe zinazoshika. Rudi tena kama mvua imenyesha usiku, maana njia ya jana haipo.

Kula saa tatu kabla. Mahamri mawili na chai, au wali, chochote tumbo lako linachokijua. Njiani, kila saa mwili unataka gramu 30 mpaka 60 za wanga, na tende za kawaida tano au sita zinakupa karibu 30. Toa kokwa nyumbani. Kutema kokwa huku unateremka kwenye mawe ni sarakasi isiyo na tuzo. Kula kwenye sehemu laini, hata kama huna njaa, na kunywa kidogo kidogo. Kwenye mvua kiu haionekani, lakini jasho linatoka.

Ukifika mteremko, toa pumzi. Kweli, itoe kwa sauti, mabega yatashuka yenyewe. Bana breki zote mbili ukiwa bado umenyooka, kwenye udongo, kisha achia na ingia. Kati ya jiwe na jiwe kuna vipande vidogo vya udongo au changarawe: hivyo ndivyo vituo vyako vya kubana tena. Ukimkuta aliye taratibu zaidi, mwambie mapema upande unaopitia, na umpite mahali papana. Aliye nyuma yako akiita, mpe njia ikiruhusu, usijitupe kwenye mawe kwa adabu.

Helmeti haina mjadala. Ikishapigwa kwa nguvu ibadilishe, hata kama haina ufa. Na ukigonga kichwa, ukahisi kizunguzungu, kichefuchefu, au hukumbuki umefikaje hapo, mashindano yameishia pale. Suleiman Kangangi, miongoni mwa waendeshaji hodari zaidi ambao Kenya imewahi kuwatoa, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano ya baiskeli ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa mtu wa kazi hiyo, si mgeni wa njia. Mteremko unaokutia shaka, shuka, utembee. Sekunde 20 utazirudisha kwenye tambarare.

Ukirudi

Osha tope lingali bichi, kwa maji matamu na brashi. Usiuelekeze mpira wa maji wenye kasi kwenye vitovu vya magurudumu na kwenye shingo ya usukani, kwani maji yatapenya na kuoza bearingi. Huku kwetu chumvi ya hewani humalizia kazi ambayo tope lilianza, kwa hiyo usiiache baiskeli hata usiku mmoja. Kausha cheni, paka mafuta, toa pedi uzitazame unene. Zungusha kila gurudumu sikio likiwa karibu na kitovu: likiguguna, fungua, safisha, tia grisi mpya.

Kisha daftari. Andika psi uliyotumia, hali ya njia, na mahali ulipoanguka. Ukurasa wangu wa mwisho unasema: mbele 21, nyuma 24, mvua tangu alfajiri, nimeanguka mara moja, kwenye jiwe bapa baada ya kijito, breki ya mbele.